Ujumbe wa Mwalimu Jumapili ya Kipaimara

Mchungaji ameniomba niwaandikie ninyi mnaobaki na mitambo. Nadhani alitegemea nieleze namna ya kuunganisha nyaya. Nyaya zina rangi, mtaziunganisha wenyewe. Mimi nitaandika zaidi juu ya hofu, kwa sababu hiyo haina rangi, na katika miaka yote niliyokaa kwenye kile kiti hakuna aliyenionyesha inachomekwa wapi.

Jina langu mnalijua. Kemilembe kwa lugha yetu ni mtu wa amani, na wazazi wangu walinipa kabla hawajanifahamu. Baba alikuwa fundi redio pale Kayanga, nami nilikua katikati ya redio zilizofunguliwa matumbo na harufu ya risasi ya kulehemu. Usharika uliponunua spika za kwanza, wazee wa kanisa walikaa wakajiuliza nani ataziwasha, mmoja akamkumbuka binti wa fundi. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Hakuna aliyeniuliza kama nina roho ya kusimama mbele za watu.

Jumapili ya kwanza nilifika kabla ya mpiga kengele. Nilijaribu kila kitu mara nyingi, na kila kitu kilikubali. Ibada ilipoanza, mchungaji wa wakati huo akasogeza maiki karibu na spika, na kanisa zima likapigwa mluzi mkali mpaka akina mama wa viti vya mbele wakaziba masikio na mtoto mmoja akaanza kulia. Mikono yangu ikaganda juu ya vitufe. Nilijua kabisa cha kufanya, nilikuwa nimekifanya kwenye karakana ya Baba tangu nikiwa msichana, lakini mikono haikunisikiliza. Mwishowe mchungaji mwenyewe alirudi nyuma hatua chache, mluzi ukakoma, akasema, "Bwana asifiwe," kana kwamba ule mluzi ulikuwa sehemu ya liturujia. Nimemshukuru mpaka leo.

Miaka mingi kazi ilikuwa hiyo tu: spika, maiki, jenereta, na kuwaomba wanakwaya wasimeze maiki. Hofu yangu ilikuwa na mipaka. Ilianzia mlangoni na kuishia madhabahuni, na kufika mchana ilikuwa imekwisha.

Kisha akaja mchungaji huyu tuliye naye, naye akaja na wazo la ibada mtandaoni. Aliniita ofisini akanieleza. Watoto wetu wengi wako Mwanza na Dar es Salaam, wanatamani kusikia kwaya ya nyumbani. Waumini wengine wamehamia Kyerwa kufuata mashamba, na kuja kanisani ni safari. Na wako wagonjwa na wazee ambao miguu imekataa.

"Tutawarushia ibada mubashara," alisema. "Wewe utaisimamia."

"Baba Mchungaji, na ikikatika?"

"Tutaiwasha tena."

"Na ikikatika tena?"

Alinitazama kwa upole, akasema nisali. Nilisali. Ilikatika.

Ibada hizo za mwanzo sipendi kuzikumbuka, lakini mzijue. Niliweka simu kwenye stendi nyuma ya kanisa, juu ya benchi la mwisho, ili isimsumbue mtu. Aliyetutazama aliona visogo vya watu, na mbele kabisa kitu cheupe kilichosogea, ambacho kilikuwa Mchungaji. Sauti ilifika kama mtu anayehubiri kutoka ndani ya kisima. Mvua ikinyesha juu ya bati, hata kisima hakikusikika.

Aliyenifungua macho ni Deus, fundi mitambo wa redio moja pale Kayanga. Angeweza kuwa mwanangu wa kumzaa. Nilikwenda kumwomba ushauri, akaniambia ataitazama ibada Jumapili halafu tuzungumze. Jumatatu nilikwenda.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umeitazama?"

"Nimeitazama. Naomba nikwambie ukweli, usikasirike."

"Sema."

"Nimelala."

Sikukasirika. Nilitamani ardhi inimeze, hilo ni jambo lingine. Deus akavuta kiti, akaniambia maneno ambayo nayarudia kwenu kama alivyoyasema: "Mtu aliye kanisani akichoka anaangalia dirishani, anaona migomba, anarudi kwenye neno. Aliye kwenye simu akichoka anabonyeza kidole tu. Hutamwona anatoka, Mama. Na huyo aliyetoka labda ndiye uliyekuwa unamtafuta."

Akanifundisha. Sauti kwanza, picha baadaye, maana picha ikiganda watu huvumilia lakini sauti ikikatika wanaondoka. Toa sauti moja kwa moja kwenye miksa kwa waya, usiiache simu isikilize yenyewe. Kamera isogee mpaka uso wa anayesema uonekane, macho na mdomo. Watu wanapojipanga kwenda kutoa sadaka, usimwachie mtazamaji picha ya mstari wa migongo. Mpe kwaya, mpe mtu wa kumweleza kinachoendelea. Na zaidi ya yote, ongea naye. Msalimie kwa jina. Soma anachoandika.

Waya ule wa kwenye miksa ulileta jambo ambalo hatukulitarajia. Masika yale, mvua ilipopiga bati, waliokuwa nyumbani walisikia mahubiri vizuri kuliko waliokuwa ndani. Mzee mmoja wa kanisa alitoka, akaingia kwenye gari lake lililokuwa nje, akafuatilia ibada kwa simu. Alipoulizwa alisema amekuja kanisani kama kawaida.

Mchungaji naye ilibidi ajifunze. Mwanzoni alisahau kamera kabisa. Tulipomkumbusha, aliikodolea macho mpaka binti mmoja wa Mwanza akaandika akiuliza tumekosa nini. Nikamwambia, "Baba Mchungaji, mama yako si yuko Igurwa, na anatutazama?" Akasema ndiyo, miguu inamsumbua, hatoki. "Basi ongea naye yeye." Jumapili iliyofuata alisimama, akaitazama kamera, uso ukalainika, akasema, "Mama, shikamoo. Umeamkaje?" Kanisa likacheka. Lakini kwenye simu yangu ujumbe ulianza kumiminika kuliko wakati wowote: na mimi nisalimieni, nisalimieni baba yangu, nisalimieni walio hapa Kyerwa. Baada ya wiki chache salamu zilitaka kuwa ndefu kuliko mahubiri, tukalazimika kuzipunguza, na kuna watu wawili hawajanisamehe.

Walio upande wa mpakani walikuwa na shida yao. Simu zao hurukia mtandao wa nchi jirani, saa inarudi nyuma yenyewe, halafu wananipigia wakilalamika kwamba tumeanza ibada mapema bila kuwataarifu. Msibishane nao. Waambieni tu waangalie saa ya ukutani.

Hapo ndipo hofu yangu ilipopoteza mipaka. Zamani niliogopa kanisa moja. Sasa niliogopa umeme ukatike, bando liishe katikati ya Chakula cha Bwana, simu ipate moto, mtoto apite na kugusa waya. Jumamosi sikula vizuri. Nilibeba betri ya akiba, na betri ya akiba ya ile ya akiba. Grace, ambaye mnamfahamu kwa kuwa ndiye anayeshika kamera mpaka leo, alikuwa akiniambia, "Mama, kaa chini, unanipa kizunguzungu."

Na katika wote waliokuwa wakituandikia, niliyemwogopa kuliko wote ni Mwalimu Byemerwa.

Sikuwahi kumwona ana kwa ana. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, anaishi Kiruruma na mkewe kwenye kibanja chao cha migomba na kahawa. Nyonga ilimzuia kutembea, kwa hiyo alihamia usharika wetu kwa njia ya simu. Alikuwa anaandika kila Jumapili, na aliandika kama anayeandika ubaoni: herufi kubwa mwanzoni, mkato mahali pake, nukta mwishoni. Nami nikiweka maneno kwenye picha, alinisahihisha mbele ya watu wote. "Bwana asifiwe. Neno 'mnaotutazama' ni neno moja. Mbarikiwe." Nilifikia mahali pa kumwonyesha Grace kila sentensi kabla sijaiweka, kwa ajili ya mtu mmoja wa Kiruruma ambaye sikumjua sura.

Sasa nifike kwenye Jumapili yenyewe.

Ilikuwa ibada ya kipaimara. Kanisa lilijaa mpaka watu wakakaa nje chini ya turubai. Watoto walivaa nguo nyeupe, wazazi walikuwa na vigoda vyao, na mkuu wa jimbo alikuja kuhubiri na kuwawekea mikono. Mnaweza kuwaza hali yangu. Umeme ulikuwa unayumba, jenereta nje ilikuwa inakohoa, nami nilikuwa nimeapa kwamba siku hiyo hakuna kitakachokatika.

Mwanzoni kabisa Mwalimu Byemerwa aliandika: "Bwana asifiwe. Leo mjukuu wangu Anitha anapokea kipaimara. Bibi yake amekuja huko. Mpiga picha amwonyeshe vizuri, tafadhali." Nikamnong'oneza Grace, akamtafuta Anitha kwa kamera, akampata, msichana mwembamba aliyekaa wima kama mshumaa. Nikapumua.

Mkuu wa jimbo alikuwa katikati ya mahubiri nilipoona ujumbe mwingine wa Mwalimu. Ulikuwa hivi: "Bwna asiiwww mnk nn saaad" Hauna nukta.

Chini yake watu walianza kucheka. Mmoja akamtania kwa pombe yetu ya ndizi: "Mwalimu, leo umepitia lubisi?" Mwingine akaweka nyuso za kucheka zimejipanga kama wanakwaya. Kisha ukaja tena kutoka kwake: "ssimm k k".

Nikamwonyesha Grace.

"Mjukuu anachezea simu," alisema.

"Mjukuu yuko pale mbele."

"Basi ameikalia."

Ingewezekana. Simu hukaliwa. Lakini niliusoma tena ule ujumbe wa kwanza. Mtu aliyenisahihisha kwa sababu ya nafasi moja katikati ya neno hawezi kuandika hivyo akaacha. Angeandika tena, angeomba radhi, angeweka nukta. Nikasubiri aombe radhi. Hakuomba. Nikaiomba namba yake kwa mzee wa mtaa wao, ambaye kwa bahati alikuwa amekaa karibu na mlango. Nikatoka nje, nikapiga. Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Ikaita vilevile.

Nilirudi kwenye kiti. Mkewe alikuwa ndani ya kanisa, mahali fulani katika umati ule, na hakuwa na simu. Ile waliyokuwa nayo ilikuwa moja, naye alimwachia mumewe ili amwone mjukuu. Kutoka kanisani kwetu mpaka Kiruruma si karibu. Kama mzee yule alikuwa ameanguka, alikuwa peke yake. Kama alikuwa ameikalia simu, nami nikasimamisha mahubiri ya mkuu wa jimbo siku ya kipaimara mbele ya watu wale wote na wale wa mtandaoni, sidhani kama ningeweza kuingia tena katika jengo lile.

"Mama, utafanyaje?" Grace aliuliza.

Niliinuka, maana nilijua nikimjibu nitakaa.

Nilipita katikati ya kanisa. Njia ile nimeitembea nikiburuta nyaya maelfu ya mara, lakini siku ile ilikuwa ndefu, na viatu vyangu vilipiga kelele. Watu waligeuka. Mkuu wa jimbo aliniona nakuja, akaendelea kuhubiri, ila sauti ilipungua. Nikamfikia Mchungaji alipokuwa amekaa pembeni ya madhabahu, nikapiga goti, nikamnong'oneza.

Alinisikiliza. Kisha akauliza, "Una uhakika?"

"Sina, Baba Mchungaji."

Akanitazama machoni. Nadhani kama ningesema ninao, angeniuliza maswali mengine. Aliinuka, akamsogelea mkuu wa jimbo, akamwambia neno sikioni. Mkuu wa jimbo akafunga Biblia yake kidole kikiwa ndani, akarudi nyuma, akampisha kwenye maiki. Hakuonyesha kuchukia. Alishika tu msalaba wake kifuani, akangoja.

"Wapendwa," Mchungaji alisema, "tunasimama kidogo. Tuna wasiwasi juu ya ndugu yetu, Mwalimu Byemerwa wa Kiruruma. Inawezekana ni mzima kabisa." Kisha akaitazama kamera, kama tulivyomfundisha. "Wewe unayetutazama, kama uko karibu na nyumba ya Mwalimu Byemerwa, acha ibada, nenda sasa hivi. Mungu atakuelewa. Mwalimu, kama unatusikia, watu wanakuja kwako."

Katikati ya kanisa mama mmoja alisimama akapaza sauti, "Mawe, mama yangu! Mume wangu!" Ndivyo nilivyomfahamu Mama Byemerwa. Akina mama wakamshika. Mzee yule mwenye gari hakungoja kuombwa. Alimchukua, wakatoka, na tulisikia gari likinguruma kuteremka.

Mimi nilirudi kwenye miksa. Mchungaji aliomba kanisa lisimame kwa sala ya kimya. Nikaikazia macho simu. Nyuso za kucheka zilikuwa zimekoma. Ujumbe ulioingia ulikuwa wa watu wa mbali, Mwanza, Dar, Bukoba, wakiandika tunaomba, tunaomba, na kila mmoja aliyeandika alisukuma juu nafasi ambayo labda ingekuwa ya mtu wa Kiruruma. Nilitamani kuwafokea wanyamaze.

Halafu likaja jina ambalo sikuwahi kuliona likiandika kitu. Spesioza. Baadaye nilimfahamu: kibarua wa mashamba ya kahawa, wazazi wake walitoka Burundi, anaishi na mumewe, Baba Chadrack, na watoto jirani kabisa na kibanja cha Mwalimu. Alikuwa akitutazama kila wiki huku anapika, ila hakuwahi kuandika kwa kuwa aliona Kiswahili chake si kizuri, na alijua Mwalimu anasahihisha. Aliandika: "mimi jirani nakimbia."

Baada ya hapo, kimya.

Mkuu wa jimbo aliombwa aendelee. Aliendelea, na nakiri sikusikia neno hata moja. Nilikuwa nikiangalia taa za miksa zikipanda na kushuka kufuata sauti yake, nikiwaza kwamba Spesioza sasa amefika, amemkuta Mwalimu kwenye kiti chake akinywa chai, na Mwalimu anauliza kwa Kiswahili sanifu kuna nini. Nilitamani iwe hivyo. Nilitamani kuaibika. Watoto walianza kuitwa mbele, wakapiga magoti kwenye mstari, na Anitha alikuwa miongoni mwao, mabega yakimtikisika. Alikuwa amekataa kutoka na bibi yake.

Mkuu wa jimbo alikuwa amebakiza watoto wawili kumfikia ujumbe ulipoingia.

"tumemkuta chini. anapumua. mdomo umeenda pembeni. baba chadrack na majirani wanaleta engozi tumpeleke barabarani"

Engozi, kwa mgeni wa huku, ni machela yetu ya miti ya kubebea wagonjwa. Nilisoma ujumbe ule mara ya pili. Nikaandika kwa kalamu kwenye kiganja changu, maana karatasi sikuiona ingawa ilikuwa mbele yangu, nikaenda tena mbele, safari hii nikikimbia, nikamwonyesha Mchungaji mkono. Alisoma, akafumba macho. Kisha akamwinamia Anitha, akamwambia, "Babu yako yuko hai. Wako naye." Mkuu wa jimbo akaweka mikono juu ya kichwa cha yule mtoto na kuiacha pale kwa muda mrefu kuliko alivyofanya kwa wengine.

Gari lililombeba Mama Byemerwa lilikutana na engozi barabarani. Wakampakia Mwalimu, wakaligeuza kuelekea hospitali. Daktari alisema ni kiharusi, na kwamba heri wamewahi. Alilazwa muda, akarudi nyumbani akiwa hai, mkono wa kulia ukiwa umelegea na maneno yakimtoka polepole.

Mngedhani baada ya hapo nilitulia. Watu walinipongeza, mkuu wa jimbo alituma salamu, Deus alipiga simu akasema amejivunia. Mimi nikaharibika. Kila Jumapili niliacha kuona ibada, nikawa natafuta nani ameandika vibaya na nani hajaandika. Watu wengi huandika vibaya. Nilipoteza usingizi kwa sababu ya mtu aliyeandika "Amna" badala ya "Amina."

Kulikuwa na dada mmoja wa Nkwenda, huko Kyerwa, aliyekuwa anatuandikia kila wiki. Jumapili moja hakuandika, na iliyofuata pia. Nikapiga, simu haipatikani. Nikampigia mzee wa huko, nikamsisitizia mpaka akakusanya watu, wakaenda kwa dada huyo na engozi kabisa. Walimkuta uani anapukuchua maharage. Jioni alinipigia kwa simu ya jirani.

"Mama Kemilembe, wameniletea machela!"

"Waitu, dada yangu, tulikuwa na wasiwasi juu yako."

"Sijafa mimi. Nimeishiwa bando!"

Mchungaji aliniita ofisini siku iliyofuata. Hakunigombeza. Alisema, "Mtambo wako una kitufe cha kuuzima. Wewe huna, na sitaki kazi hii ikuue." Ndipo tukaweka utaratibu mnaoukuta sasa: mmoja anashika sauti, mmoja kamera, na mwingine kazi yake ni kusoma ujumbe tu na kujibu. Kila mtaa una mzee anayewajua watazamaji wa kwao, wanapoishi na wanaishi na nani, naye ndiye anayekwenda kugonga mlango kwa utaratibu, bila engozi. Msiuvunje utaratibu huo kwa kupunguza watu. Anayeshika sauti hawezi kusoma, nawaambia kwa kuwa nimejaribu. Na anayesoma asome kila mmoja, hata wale wasioandika kitu zaidi ya Amina.

Nimestaafu mwezi uliopita. Jumapili ya kwanza bila kazi niliisikia mikono yangu ikitafuta vitufe hewani. Wiki hiyo nikafanya jambo nililokuwa nikiliahirisha tangu siku ile: nilipanda bodaboda kwenda Kiruruma. Nilikuwa nimejiambia kwamba kazi inanibana, na kazi ilinibana kweli, lakini pia niliogopa. Niliogopa nitakachokiona.

Mama Byemerwa alinipokea uani, akanikumbatia, akaniletea buni za kutafuna kwenye kikapu kidogo kama tunavyomkaribisha mgeni wa heshima. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni, mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka juu, mkono wa kulia umelazwa kwenye mto.

"Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni Kemilembe, wa mitambo."

Alinitazama. Mdomo ulihangaika kwanza. "Ma-ra-haba. Nakujua... kwa maandishi."

Tulikaa. Spesioza alipita na ndoo ya maji, akanisalimia, akaiweka ndoo jikoni kwao kama mtu aliye kwake. Mama Byemerwa aliniambia kwamba sasa Jumapili wanatazama pamoja, familia zote mbili, na Spesioza ndiye anayewaandikia. Mwalimu anamtajia maneno, naye anabonyeza.

Kisha Mwalimu akainua mkono wa kushoto. Alitaka kusema jambo refu, tukamngoja.

"Siku ile," alisema, "nilikuwa nimekaa hapa. Mkono ukaanza kufa. Nikaandika. Niliandika vizuri." Akapumzika. "Niliandika, 'Bwana asifiwe. Naomba msaada. Siwezi kusimama.' Nikaona mnacheka. Nikashangaa. Nikaandika tena."

Mama Byemerwa aliinamisha uso, akaanza kuokota kitu kwenye kanga ambacho hakikuwapo. Nikaelewa kwamba hakuna aliyewahi kumwambia tulichokiona kwenye simu. Si mkewe, si Spesioza, si mjukuu wake. Kwake yeye maneno yale yalitoka yamenyooka, na watu waliyasoma wakacheka, na bado aliendelea kusali pamoja na watu hao kila wiki.

"Nikaanguka," alisema. "Simu ikaanguka hapa." Akagusa sikio. "Nikamsikia Mchungaji anasema jina langu. Anasema watu wanakuja." Akaniangalia kwa namna ambayo nadhani aliwaangalia wanafunzi wake, akisubiri jibu. "Kwa hiyo... ulifika? Ujumbe wangu?"

Nilisogeza kigoda changu karibu, nikaushika ule mkono uliokuwa kwenye mto, ingawa sijui kama alihisi.

"Ulifika, Mwalimu," nikamwambia. "Ulifika wote. Tuliusoma."